Shangazi Aliiona Damu, Mimi Nikaiona Mashine

Kosa ni langu. Nalisema kabla sijasema kitu kingine, maana nimeshachoka kusikia watu wakinipa pole wakidhani nilipatwa na bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Nilifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Naishi Mbinga mjini. Mimi ni mwalimu, mume wangu ana lori la kubeba kahawa na mahindi, na mara nyingi yuko njiani. Nyumbani tulikuwa watu tisa: sisi wawili, watoto wetu watano, binti wa marehemu kaka yangu, na Shangazi.

Huyu Shangazi ni wa mume wangu. Ndiye aliyemlea kule Lundo, ziwani, baada ya wazazi wake kufariki akiwa hajaanza hata shule. Hakubahatika kuzaa. Tulipopata mtoto wa tatu, mume wangu akamleta akae nasi. Watoto wakawa wanamwita Bibi.

Na kazi yake, kazi aliyojichagulia mwenyewe, ilikuwa kufua.

Tulikuwa na mashine ndogo ya mapipa mawili. Ukiweka suruali tatu inalalamika. Blanketi ndiyo kabisa, haliingii! Na Mbinga hii baridi yake unaijua, kila kitanda kina mablanketi mawili. Kwa hiyo Shangazi alikuwa na beseni lake na sabuni yake ya mche, anakaa pale kwenye karo nyuma ya nyumba, watoto wanamzunguka kama vifaranga. Wanamsimulia mambo ya shule, wanagombana, wanacheka. Nguo za ndani za watoto hakuruhusu ziguse mashine. Alizifua kwa mkono, moja moja.

Na mimi, mwenzangu, niseme ukweli wa moyoni: nilikuwa naona wivu!

Nikirudi kazini nimechoka, watoto wananiambia "shikamoo mama", kisha wanakimbilia karoni. Mmoja akiumwa tumbo, anaanza kumwambia Bibi. Akigombana na mwenzake, kwa Bibi. Mimi nilikuwa naletewa daftari za kusaini tu. Nikaanza kujiona mpangaji ndani ya nyumba yangu.

Ndipo ikaja ile mashine kubwa.

Nilimsumbua mume wangu mwaka mzima. Akainunua, ikapandishwa kwenye lori lake mwenyewe, akaileta. Inabeba kilo kumi na tano! Unaweka mashuka ya nyumba nzima, sare za shule, makoti ya lori yenye vumbi na mafuta, unabonyeza, unaenda zako. Majirani walikuja kuiangalia. Mama mmoja wa jumuiya yetu akaingiza kichwa kabisa ndani ya pipa, tukacheka mpaka machozi.

Shangazi alisimama pembeni, mikono ina povu. Akauliza tu, "Na blanketi itachukua?"

Nikamjibu, "Itachukua mawili kwa mpigo, Shangazi. Sasa utapumzika."

Nilisema kwa sauti tamu. Lakini moyoni nilikuwa nashangilia.

Wiki chache zikapita. Siku moja ya Jumamosi mume wangu alikuwa safarini Makambako. Nilikuwa napanga nguo za kuingiza kwenye mashine, Shangazi akaja jikoni, akaurudishia mlango.

"Mama Oska, naomba tuongee kidogo."

"Nakusikiliza, Shangazi."

Akafungua pindo la kanga, akatoa chupi mbili ndogo. Zilikuwa za binti yangu wa nne. Hapa nitamwita Asumpta, ingawa silo jina lake. Alikuwa na miaka kumi.

"Angalia hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni mara ya tatu naona. Ni matone ya damu. Nimemuuliza, anasema akimaliza kukojoa anasikia moto. Sisi watu wa ziwani hii tunaijua, ni kichocho. Kila likizo wanapokuja Lundo wanashinda kwenye maji. Mpeleke akapimwe mkojo, mama. Dawa zake ni vidonge tu, anameza anapona."

Ningemjibu "asante Shangazi", leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mwanamke mwingine akinifundisha habari za mwanangu. Damu ikanipanda!

Nikamwambia, "Shangazi, tangu mashine hii iingie humu ndani huna raha. Mara inachakaza mashuka. Mara inamaliza maji. Leo umekuja na damu!"

"Sijaja kwa ajili ya mashine, Mama Oska."

"Umekuja kwa ajili ya nini? Unakaa unachunguza chupi za watoto wangu ili uonekane bado una kazi? Huyo ni mtoto wa kike anakua, wengine wanawahi kuvunja ungo. Nitaongea naye mwenyewe, mimi ndiye mama yake!"

Akazirudisha zile chupi kwenye pindo la kanga, akasema, "Ni kweli wewe ndiye mama yake. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Jamani! Maneno hayo yalikuwa ya heshima, lakini mimi yalinichoma kama tusi. Nikatamka lile ambalo hadi leo nikilikumbuka nafunika uso:

"Kuanzia leo nguo zote zinaingia kwenye mashine. Na kama unaona hapa hakuna kazi yako tena, Lundo si ni kwenu?"

Nilipogeuka nikamwona Asumpta kwenye mlango wa nyuma, ameshika ndoo. Nikamwambia aende akacheze.

Shangazi alirudi karoni akamalizia kufua. Jumatatu asubuhi, mimi nikijiandaa kwenda shule, akatoka na begi lake. Akaniambia, "Baki salama, mama." Akaondoka kwa miguu kwenda stendi. Hata kumsindikiza sikumsindikiza! Nilitazama saa, nikajiambia nachelewa kipindi.

Mume wangu aliporudi akauliza, "Shangazi yuko wapi?"

Nikamdanganya. Nikamwambia, "Amesema anataka kupumzika kwao. Mashine imempunguzia kazi, anaona anakaa bure."

Akampigia simu palepale. Mimi najua nimeumbuka. Lakini Shangazi akamwambia nini? "Baridi ya Mbinga imenishinda, baba. Mifupa hii imezeeka. Nimerudi kwenye joto." Alinifichia. Mtu niliyemfukuza ndiye aliyeilinda ndoa yangu.

Ungedhani hapo ningeona aibu. Mimi nilishusha pumzi, nikaenda kuwasha mashine.

Na lile la kuongea na Asumpta? Nilimuuliza mara moja, nikiwa nasahihisha madaftari. "Wewe, unaumwa?" Akasema, "Hapana mama." Nikaendelea kusahihisha.

Miezi iliyofuata nilijiona nimepata nyumba yangu. Nguo zinafuliwa kwa saa moja na nusu, Jumamosi nina nafasi hata ya kwenda mazoezi ya kwaya. Na wa kwanza kunisaidia alikuwa Asumpta. Kila jioni anakusanya nguo za kila mtu, anaziingiza kwenye pipa, anaweka sabuni, anabonyeza. Hata sijamtuma!

Nikamsifia mbele ya wenzangu wa jumuiya. "Huyu binti wangu anajituma," nikawaambia. Yeye akainamisha kichwa.

Sikujua alikuwa anazika nguo zake katikati ya makoti ya baba yake ili mimi nisizione.

Akaanza kukonda. Mwalimu wake wa darasa akaniambia kwamba wenzake wakikimbia mchakamchaka yeye anakaa chini. Nikampa dawa za minyoo. Nikamchemshia matembele, nikasema ni upungufu wa damu, atakaa sawa. Likizo ilipofika, watoto wakaomba kwenda kwa Bibi kama kawaida. Nikakataa. Nilikuwa naogopa Shangazi atasema, au ataona.

Basi Jumapili moja kanisani, katikati ya misa, Asumpta akajikunja kwenye benchi ameshika ubavu. Jasho linamtoka na siku ilikuwa ya baridi. Mume wangu akambeba hadi hospitali.

Walipompima, mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Tukaandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Huko wakampiga picha za tumbo, daktari akatuita, mimi, mume wangu na mtoto mwenyewe akiwa amelala kitandani.

"Ni kichocho cha muda mrefu," akasema. "Kimejeruhi njia ya mkojo mpaka imeziba. Figo la kushoto limevimba sana. Mama, damu hii haikuanza juzi. Hamkuwahi kuiona kwenye nguo zake?"

Mume wangu akajibu kwa niaba yangu, "Hapana daktari, hatujawahi."

Asumpta akafumbua macho. "Bibi aliona," akasema.

Mume wangu akamgeukia. "Bibi aliona lini?"

"Kabla hajafukuzwa."

Ee Mungu wangu! Nilitamani sakafu ifunguke inimeze.

"Alifukuzwa na nani, mwanangu?"

Mtoto akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kwa woga, kama anayeomba ruhusa. Kisha akaanza kulia. "Ni kosa langu, baba. Bibi aliondoka kwa sababu ya chupi zangu. Mama alikasirika. Nikaona nikisema tena, mtu mwingine naye ataondoka."

Mtoto wa miaka kumi! Alibeba kosa langu miezi yote ile pamoja na maumivu yake, anakojoa damu peke yake, halafu anakuja mezani anakula na sisi.

Daktari akatoka taratibu. Mume wangu hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia! Aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Yule mama alinibeba mgongoni. Ungeniambia tu humtaki, ningemjengea chumba hata kwa jirani. Kwa nini ulinidanganya?"

Swali hilo naishi nalo hadi leo.

Alimpigia simu Shangazi, na kesho yake mchana alikuwa ameshafika. Amepanda magari mawili, miguu imevimba, mkononi ana kikapu cha dagaa. Nilimsalimia "shikamoo" nikiwa nimeangalia chini. Akaitikia "marahaba, mama", akanipita, akaenda kitandani. Asumpta alimkumbatia shingoni, hakumwachia. Nikasikia akimuuliza, "Bibi, umenikasirikia?" Na Shangazi akamjibu, "Nikukasirikie wewe? Wewe ni moyo wangu!"

Nilitoka nje nikalia kama mtu aliyefiwa.

Madaktari walijitahidi. Dawa za kichocho alipewa, njia ya mkojo ikazibuliwa, kila kitu kilifanyika. Lakini figo la kushoto halikurudi. Mwanangu anaishi na figo moja. Vidonge vile ambavyo Shangazi alinitajia jikoni, vile vya kumeza mara moja, kama angevipata siku ile na kuangaliwa, huenda angekuwa anakimbia na wenzake leo.

Shangazi alikaa nasi hospitalini siku zote hizo. Siku ya kuruhusiwa nilimpigia magoti kwenye korido, mbele za watu, sikujali. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe. Nilikuonea wivu. Rudi nyumbani, nakuomba."

Akaniinua. Akanipangusa machozi kwa kanga yake. Akasema, "Nilikusamehe siku ileile, nikiwa ndani ya basi, tumefika pale milima inapoanza kushuka. Sikutaka kufika kwangu na kinyongo. Lakini kwako sirudi, mwanangu. Uliniambia Lundo ni kwetu, nami nimekubali."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza njia. Nimemfuata mara mbili Lundo na mume wangu, ametupokea vizuri, ametupikia, tumelala kwake, na jibu lake ni lilelile.

Mume wangu bado tuko pamoja. Anatoa matumizi, ananisalimia, anauliza hali ya mtoto. Lakini akiwa safarini hanipigii tena simu usiku kunisimulia ya njiani. Humpigia Shangazi. Na Asumpta, nikimuuliza, "Unaumwa?", hunijibu, "Hapana mama," kwa haraka, kisha huniangalia usoni kuona kama nimekasirika. Hapo ndipo moyo wangu unapovunjika, kila siku, upya.

Mashine bado inafanya kazi. Haina kosa. Nunueni mashine, dada zangu, mpumzishe migongo, sisemi msinunue. Lakini kabla hujaingiza nguo za mwanao mle ndani, zishike kwa mikono yako, uzitazame. Na watoto wanaooga ziwani na mitoni wapelekeni wakapimwe, hata kama hawasemi kitu.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayemjua mwanao kuliko wewe, usimchukie. Kaa karibu naye. Muulize.

Kuna wazazi wanaolia kwamba laiti wangejua. Mimi sina haki ya kulia hivyo. Mimi niliambiwa.