Mkono Kichwani

Juzi nilikuwa saluni mtaani Hillbrow nikisukwa, mama mmoja Mkongomani akaingia na miamvuli ya karatasi iliyochorwa maua. Alikuwa ametoka kuinunua Chiang Mai, mji wa kale wa Thailand unaosifika kwa masoko na kazi za mikono.

"Muuzaji aliniona tu, akaunganisha viganja kifuani na kuinama," akatusimulia. "Nikajua huyu mama iko na shida, anataka maombi. Nikamwekea mkono kichwani, nikaomba kwa sauti."

"Eish, mama! Ile ni salamu yao," akasema msusi wangu, aliyewahi kuishi Bangkok. "Tena kule kichwa cha mtu hakiguswi."

Mama akaduwaa, mkono aliokuwa akituonyeshea ungali hewani. "Sasa mbona alilia?"

Hatukujua kama yule muuzaji alibarikiwa ama alidhalilishwa, na mama anarudi kwa muuzaji huyo mwezi ujao kuchukua mzigo.

Nilipoondoka nikamuaga mama kwa utani, viganja kifuani. Akafumba macho. Mkono ukatua juu ya nywele zangu zilizotoka kusukwa: "Baba wa mbinguni..."

Machozi yakanitoka. Labda ni uchungu wa misuko, labda ni maombi. Hata sasa sijui.