Nyumba ya Kaidhi ya Bibi Zuwena

Nilitoka Nizwa kwa ajili ya nyumba moja tu. Katika bonde moja nyuma ya Ibra kuna bwawa lisilokauka, na kando yake zilijengwa nyumba za kaidhi, yaani za kiangazi, ambako familia za mjini zilihamia joto lilipopamba moto na tende zilipoiva. Nyingi zimeshaanguka. Iliyosalia ilikuwa na mvutano: Bibi Zuwena alitaka ibaki, watoto wa kaka yake walitaka waivunje wajenge ya kisasa, yenye bwawa la kuogelea, kana kwamba lile la Mungu haliwatoshi. Walikubaliana hivi: ikiandikishwa kuwa urithi wa taifa, hawataigusa, isipoandikishwa, tingatinga. Kazi yangu serikalini ni kukagua na kuandika ripoti. Picha za mwaka uliopita nilikuwa nazo, na kwa kweli sikuwa na wasiwasi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, niliingia barabarani. Baada ya Izki nilikata kuelekea Sinaw, changarawe kulia, changarawe kushoto, na malori yasiyojua maana ya kupisha.

Mudhaibi nilisimama kunywa chai ya maziwa, nikazitazama tena zile picha. Kuta zilipigwa lipu ya udongo wa kuchoma, na boriti za dari ziliandikwa kwa wino mwekundu majina ya watoto waliozaliwa humo, kaidhi baada ya kaidhi. Mawili ya mwisho yalikuwa ya wanawe Bibi Zuwena. Niliipenda nyumba ile kabla sijaiona.

Saa nne kasorobo nilifika bondeni. Niliacha gari lami ilipokoma, nikafuata mfereji kwa miguu mpaka bwawani. Nyumba ilikuwa nyeupe pe. Nilidhani nimepotea njia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tafadhal, pita. Nizwa hamjambo nyote?"

Kiswahili chake ni cha Unguja mjini, alikotoka akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuniruhusu kutoa hata kalamu kabla ya halua, tende na kahawa. Salim, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye mvi, alikaa karibu na mlango.

"Naona mmepaka rangi," nikasema.

"Si ulinipigia simu wiki nzima kabla, Allah akulipe kheri? Mgeni wa serikali nimpokee kwenye kuta zinazomomonyoka? Eib, wallahi. Nikaita mafundi, wakachokoa yote ya zamani, wakatia simenti."

Nilitazama juu. Boriti zote nyeupe.

"Na majina, Bibi?"

"Majina si tunayajua wenyewe? Mgeni atazame masizi?"

Nilipiga simu kwa sababu kwetu huvamii nyumba ya mtu mzima bila taarifa. Naye alipaka kwa sababu hapokei mgeni kwenye vumbi. Tulikuwa na adabu sote wawili, na nyumba ikaishia hapo. Nilikwaruza ukuta nyuma ya mlango kwa kisu changu. Simenti, kisha jiwe tupu.

"Ya'ni haipiti?" Salim aliuliza. Nilitarajia afurahi, lakini alikuwa akimtazama shangazi yake.

Bibi aliweka kikombe chini. "Nambie kweli. Nimeiharibu mie?"

Nilitamani kusema uongo. "Bibi, iliyotakiwa ni ile ya zamani."

"Basi andika ulichokiona. Usinitilie uongo kwa sababu ya kahawa yangu."

Kabla ya adhuhuri niliomba kuona ghala la uani. Bibi alikataa. Ghala la tende halionyeshwi mgeni, alisema, kuna giza na kunanata. Nilishikilia mpaka nikaona haya mwenyewe, ndipo Salim akafungua. Niliingia nimeinama. Lipu ya udongo ilikuwepo nzima, nyeusi kwa miaka ya asali ya tende, na sakafuni mifereji ya kuichuruzia haikuwa imeguswa. Fundi hakutumwa huko. Nilipima kila pembe, Salim akinishikia futi kamba bila kuombwa.

Magharibi ilinikuta Nizwa. Niliandika kurasa mbili na kila neno lilinichoma: nyumba haifai kuandikishwa, ghala linafaa. Wiki kadhaa baadaye jibu lilirudi vilevile.

Siku hizi bado napiga simu kabla ya kwenda, ila baada ya salamu nasema kwanza wasishike ufagio wala brashi. Wapo wanaokasirika, wakiona nawadharau. Nawaacha wakasirike.

Bibi Zuwena nilimpigia nyumba ilipokwisha kuvunjwa. Nilimwomba radhi, akaipokea, akaniuliza habari za mama yangu.

"Chumba nilichoona haya kukuonyesha," akasema, "ndicho kilichobaki. Ukija tena itabidi nikukaribishe humo humo, mwanangu. Kwengine sina."