Kila Nikirudi Salama

Mama yangu bila ya chai hakuwa mtu. Unguja alikunywa asubuhi, akanywa saa nne, akanywa alasiri, na mgeni akija alikunywa naye tena. Tulipohamia Maskati baada ya Mapinduzi tukakaa Wadi Kabir, katika vyumba viwili vya mjomba, maji tunachota kisimani. Hakulalamikia kitu ila majani ya chai ya huku, ati hayana rangi. Naanza na chai kwa sababu kila nikisikia watu wanasema kuwa nilikuwa bingwa wa mbio za boti, hiyo ndiyo inayonijia.

Bingwa nilikuwa kweli, sikatai. Nilipata kazi kwenye karakana ya kampuni ya mafuta, natengeneza mashine za boti. Wazungu wa kambini walikuwa na mchezo wao wa Ijumaa: boti ndogo za mbao nyembamba, mashine nyuma kubwa kuliko haja, wanashindana kuzunguka maboya. Siku moja mmoja wao aliteguka mkono, akaniambia nimwendeshee ya kwake. Nikapanda. Ile boti ikishika kasi haielei tena, inaruka; kila wimbi linakutandika makalioni, meno yanagongana, chumvi imejaa machoni. Wenzangu wakikaribia boya walipunguza moto. Mimi niliinama mbele, nikauacha vile vile, nikakata kona. Nikashinda. Wallahi sijapata raha kama ile, si kabla si baada.

Toka siku hiyo ikawa hakuna mashindano bila yangu. Makombe niliyapanga juu ya sanduku la nguo la mama, na yeye kila akitaka kanga ilimbidi kwanza ayashushe yote chini, halafu ayarudishe. Nikirudi jioni, nguo zimeganda chumvi, aliniuliza jambo moja tu.

"Umerudi mzima?"

"Mzima, mama."

"Alhamdulillahi."

Asubuhi yake hanywi chai. Na kesho yake pia. Nilijua anafunga, lakini nilidhani ni sunna tu, uzee unamkaribia na ibada inazidi. Mchana alinipakulia wali kwa mkono wake, akakaa mbele yangu ananipepea. "Kula, baba, usinionee haya." Nami nikala, tena nikaomba nyengine.

Joto lilipoingia, lile la Maskati ambalo hata ukuta unaunguza, mama akaanguka kwa kizunguzungu pale karibu ya kisima. Dada yangu mkubwa alimbeba mpaka ndani, akamkanda maji, akamlaza. Kisha akanivuta uani.

"Hivi weye huna macho? Humuoni mama anavyokonda?"

"Nimwambie apunguze kufunga?"

"Apunguze! Hizo ni mbio zako, bwana weye. Kaweka nadhiri. Kila ukirudi salama anafunga siku tatu."

Nikaingia ndani, nikapiga magoti karibu ya kitanda. "Mama, ni kweli?"

"Nani kakwambia? Huyu dada yako mdomo wake haufungiki." Akageukia ukutani. Baadaye akanieleza. Ile Ijumaa ya kwanza jirani alimwambia kuwa boti zile zinapinduka, kuna mtu katolewa majini mguu umevunjika. Mama akainua mikono papo hapo, akamuahidi Mungu.

"Lakini kwa nini useme *kila* nikirudi?"

"Mie nilijua utapanda mara moja, utachoka. Nlijuaje kama nimezaa kichaa?"

Tukacheka sote wawili, na mimi nikalia. Maana nilikuwa nimerudi salama mara nyingi khasa, na saumu zake zilikuwa zimelimbikizana, kwa vile wiki nyengine mwili ulimshinda akaziweka kiporo. Akimaliza tatu mimi nimeshamtia nyengine. Nikaenda kumuuliza sheikh wa msikitini kama naweza kumfungia mimi. Akaniambia aliye hai hafungiwi na mtu, ila akiwa mgonjwa asiyeweza, hulishwa masikini. Nikanunua gunia la mchele nikalileta nyumbani. Mama akalitazama.

"Nilimuahidi Mungu njaa yangu," akasema. "Sikumuahidi mchele wako. Nipeni siku mbili nipate nguvu, ntazimaliza."

Basi nikamwambia nimeacha. Na niliacha kweli. Ijumaa nilikuwa nakaa nyumbani nanuna, nasikia ngurumo za mashine kichwani. Siku nyengine nilimkasirikia, astaghfirullah, namtazama midomo imemkauka na moyoni nasema: kwani nani alikutuma?

Kisha wakaja waendeshaji boti kutoka Bahrein, na kambini wote wakanitazama mimi. Hapo ndipo nilipojifanya mwanachuoni. Nadhiri ni yake, nikajiambia. Asipojua kama nimekwenda, atajuaje kama nimerudi? Asiyejua hapaswi na kitu. Nilijiona nina huruma kubwa kwa kumficha. Nikamuaga kuwa nakwenda kutengeneza pampu.

Kwenye boya la mwisho boti iliinuka ubavu mmoja, nikaona bahari iko juu yangu. Nikasema, "Mama!" Ikarudi chini. Nikashinda. Kombe likabaki kambini lichongwe jina langu, na mimi nikaoga maji baridi mara mbili kabla ya kurudi, nisinuke chumvi.

Wiki ile ile mama alimaliza. Asubuhi yake, saa nne, alitandika mkeka uani, akateleka chai ya maziwa na iliki, akamwita dada, akaniita na mimi. Alikuwa kama bibi harusi. "Sidaiwi tena," akasema. Akapiga funda la kwanza, akafumba macho.

"Hodi!"

Alikuwa dereva wa kambini, mtu mwema, meno yote nje, kombe amelifungia taulo. "Mabruk! Mabruk ya bingwa!" Akalifunua akanipa.

Mama kikombe kimemsimama njiani. Akalitazama lile kombe, akanitazama mimi.

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita, mama."

"Ulirudi salama?"

Nilitamani aniulize jengine lolote. Anitukane, anitupie kile kikombe.

"Nilirudi."

"Alhamdulillahi," akasema, na alisema kwa moyo wake wote. Akamkaribisha mgeni, akamtilia chai, akamsogezea mandazi. Kisha akamgeukia dada. "Kesho uniamshe daku."

Akanywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Mimi nilikaa pale pale na kombe mapajani. Juu ya sanduku nafasi ilikuwapo, lakini sikuweza kwenda kuliweka.