Beji Msumarini

Katika korido ya kituo chetu cha afya, Kihesa, haisikiki tena ile sauti ya upole: "Vuta pumzi, shikilia." Mwenye sauti hiyo, mpiga picha wa eksirei, alikuwa na kucha zilizopasuka na vidole vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Sheria ya nguvu za atomu ilimtaka avae kifuani beji ya kupima mionzi inayomwingia. Lakini kila alipoletewa mtoto mdogo, aliivua akaitundika msumarini nje ya mlango, akawatoa wazazi, kisha akamshika mtoto mwenyewe ili asitikisike. Siku mwanangu alipopigwa picha, nesi Apolonia alimtania mpiga picha, "Baba, leo tena unamwacha shahidi nje?" Hakucheka. "Ikijaa mionzi watanitoa kazini, sista. Hawa watoto atawashika nani?" Aproni ya kuzuia mionzi ilikuwa moja tu, akamfunika nayo mwanangu. Mashine ikanguruma, nami nikabaki nikiitazama ile beji ikining'inia.

Mwezi uliopita wakaguzi wa mionzi walikuja bila taarifa, wakaikuta msumarini na yeye yumo ndani. Sasa yuko Igawa kwa dada yake, anauza vitunguu kando ya barabara kuu na kusubiri majibu ya damu.