Fungu la Barbro

Barbro Nylund alianza kazi akiwa mhudumu wa wodi ya wazazi pale Tallsele, mji mdogo wa misitu na mbao kaskazini mwa Uswidi. Alimwaga maji machafu, akabadilisha mashuka, akawashika mikono wanawake waliokuwa wakiwalaani waume zao. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake ikiwa bado inateleza. Kwa hiyo alipogombea baraza la mkoa hakuhitaji kujinadi. Na siku alipopanda treni kwenda kuwa mbunge Stockholm, watu walimpigia makofi kituoni, na wa kule si watu wa makofi ovyo.

Bungeni hakufanya makubwa, tusidanganyane. Alibonyeza kitufe alichoambiwa abonyeze. Siku nyingine aliambiwa asipige kura kabisa, kwa sababu mbunge wa upande wa pili anaumwa, basi na yeye akae nje ili hesabu zilingane. Akazoea. Aliporudi nyumbani, chama kikampa uenyekiti wa serikali ya mkoa. Alikuwa mjane, hana mtoto, na kazi ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi.

Ndipo Stellan Brodin, mkuu wa kamati ya uteuzi ya chama, alipofika jikoni kwake. Akavua viatu mlangoni, akala keki mbili za mdalasini kabla ya kusema neno.

"Wodi ya wazazi lazima ifungwe, ndugu. Pesa hakuna. Na tangazo litoke kinywani mwako."

"Kwa nini mimi? Nimeifanyia kazi ile wodi!"

"Ndiyo maana. Akisema mwingine, watachoma ofisi."

Barbro akaikoroga kahawa yake ingawa haikuwa na sukari. "Na uchaguzi ujao?"

"Jina la kwanza kwenye orodha ya wagombea ni lako. Nani mwingine?"

Muhula mmoja zaidi, basi, ndio alioutaka Barbro. Amalize kwa heshima. Akasimama ukumbini, akatangaza.

Hakuna aliyemtukana. Alipoingia dukani, watu waligeuka kutazama maziwa, wakayatazama mpaka akatoka. Mwezi wa Machi Fredrika, mtoto wa mdogo wake, alishikwa na uchungu, na hospitali iliyobaki yenye wodi ya wazazi iko mbali huko pwani. Akajifungulia ndani ya gari, kando ya barabara, theluji ikianguka. Mtoto akapona. Fredrika alitoka damu hadi madaktari wakamtoa kizazi. Barbro alimpelekea kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Fredrika akaipokea mlangoni.

"Gari tumeshaliosha, mama mkubwa," alisema. "Unaweza kwenda."

Barbro akaenda. Alijiambia kwamba orodha bado ipo.

Septemba wenyeji wakawinda elgi, yule mnyama wa pembe pana anayempita farasi kwa urefu. Marehemu mume wake alimwachia msitu, na mwenye msitu hupata fungu. Tena wawindaji wale wale ndio tawi la chama pale Tallsele. Wakiita jina langu kwenye nyama, aliwaza Barbro, wataliita na kwenye kura. Akavaa buti, akaenda kwenye banda la kugawia nyama.

Nyama ilikuwa imepangwa mafungu juu ya matawi ya misonobari. Mtu mmoja husimama ameupa ukuta uso ili asipendelee, mwingine hugusa fungu kwa fimbo na kuuliza. Siku hiyo aliyeutazama ukuta alikuwa Stellan. Mwenye fimbo ni Kjell, fundi wa misumeno.

"Hili la nani?"

"La Asta."

"Hili?"

"Lako, mlafi wee."

"Hili la nani?"

"La Fredrika."

Fredrika hajawahi kushika bunduki. Fimbo ikaendelea mpaka mafungu yakaisha, jina lake halikutajwa. Sakafuni ilibaki mifupa na mapafu.

"Na hii mifupa?" akauliza Kjell. "Barbro si ana mbwa?"

"Mbwa wake alikufa," akajibu Asta.

"Basi ampelekee kaburini."

Wakacheka huku wakifuta visu. Barbro naye akacheka kidogo, maana hakujua afanye nini na uso wake.

Alimfuata Stellan mpaka kwenye gari. "Orodha, Stellan."

"Ulifanya kazi nzuri, ndugu. Mtu alilazimika kuifanya."

"Nimekuuliza orodha."

"Kamati inataka sura isiyoifunga wodi." Stellan akatazama bandani, alikokuwa Fredrika akifungiwa nyama kwenye mfuko. "Na yule ana habari ya kuwasimulia watu."

"Uliniahidi!"

"Niliahidi. Ila ningekuwa wewe nisingeyasema hayo mbele za watu. Utaonekana unalilia cheo."

Chama chao hakimfukuzi mtu. Humshukuru. Humwita jukwaani, humpa shada la maua, naye sharti ashukuru kwa kushukuriwa. Novemba ukumbi ukajaa, na aliyemkabidhi Barbro shada ni Fredrika, mtoto kiunoni.

"Asante kwa miaka yote, mama mkubwa," alisema kwenye kipaza sauti.

"Asanteni nyinyi," akasema Barbro. Alikuwa ameandaa maneno mengine.

Kisha Fredrika akawageukia watu. Akawasimulia usiku ule, gari, theluji, damu. Akasema chama kikishinda, wodi ya Tallsele itafunguliwa tena. Ukumbi mzima ukainuka, makofi yakatikisa vioo. Barbro alibaki katikati ya jukwaa, shada kubwa limemjaa mikononi, watu wakimtazama.

Stellan akamsogelea na kulichukua shada polepole, kwa adabu.

"Lete nikushikie," akamnong'oneza. "Piga makofi, wanakuangalia."

Barbro akapiga makofi.