Gesi au springi, na mama kwenye beseni la kuogea

Mnisamehe nikikosea kuandika, naandika kwa mkono mmoja, mtoto nimempakata.

Mume wangu Elias ameanza ule mchezo wa kulengana kwa bunduki za bandia zinazorusha vidonge vya plastiki. Leo mwenzake wa kazini, ghalani kule Cheektowaga, kamwazima mbili, zile ndefu kama za mdunguaji, ajaribu kabla ya kununua.

Moja ya gesi, moja ya springi.

Akanipa somo hapo sebuleni. Ya gesi haina kelele, ila baridi ya huku Buffalo, Marekani, inaimaliza nguvu. Ya springi unaikoki kwa mkono kila ukitaka kupiga, lakini haikuangushi.

Akaikoki nione.

Krak-krak.

Jikoni mama yangu alikuwa anasonga ugali, mtoto wangu mgongoni. Nikasikia mwiko umeanguka. Kuingia, ugali unaungua, mama hayupo.

Tumemkuta bafuni, taa kazima, amejikunja ndani ya beseni la kuogea. Mtoto yuko chini ya kifua chake, kazibwa mdomo kwa kiganja.

Akaninong'oneza, "Wameingia wangapi?"

Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Ya vita vya Burundi mama hajawahi kunisimulia. Leo nimeyaona.

Nikamchukua mtoto. Anapumua, jamani, yuko salama.

Elias akapiga magoti pale pale sakafuni. "Mama, nisamehe. Nitachukua ya gesi, ile haisikiki."

Niambieni nyie mngemjibu mama nini. Mama alimwangalia, akasema:

"Hiyo isiyosikika, mwanangu, nitajuaje muda wa kujificha?"