Uzi Niliomkata Mzee wa Milimani

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mmalize. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, na pombe sijawahi kuonja. Rafiki yangu Mkenya nilipomwambia alinijibu, "Hiyo ni stress, my dear, ulikuwa umework double shift." Haya. Sikilizeni basi.

Nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa kabila la Walahu, nyumbani kwa bintiye hapa ughaibuni, mji wa Bowie. Alitoka milima ya Burma, karibu na mpaka wa Tailandi. Alinionyesha kwao kwa kukunja blanketi magotini: bondeni Washan na mpunga wao, ubavuni mwa mlima watu wake, kileleni Walisu, kila mkunjo na lugha yake. Mimi wa Bukavu, nako milima na lugha tele, nilimwelewa upesi. Nilimpenda mzee yule.

Mkononi alikuwa na uzi mweupe uliokwisha kuwa mweusi kwa uchafu. Sisi wa kazi hii tunafundishwa usafi kwanza. Siku hiyo nikimwogesha kitandani, amesinzia, niliukata kwa mkasi wa bandeji, nikautupa. Sikumuuliza mtu.

Nikatoka na mfuko wa taka hadi uani. Mzee alikuwa amesimama pale. Niaminini! Peku, kikapu mgongoni, mshipi wake umepita kwenye paji la uso, vilevile anavyobeba mama yangu. Akaniuliza kwa Mashi, lugha ya mama yangu, "Mto uko wapi, binti?" Ningefanyaje? Kwetu mtoto hamnyimi mzee njia. Nikanyoosha mkono kwenye miti ya nyuma, kuna kijito. Akashukuru, akaenda.

Ndipo akili iliponirudia. Nilikimbia ndani, nikamkuta kitandani palepale, anapumua kwa shida, haamki. Nikampigia bintiye. Alipofika aliushika kwanza ule mkono mtupu.

"Uzi uko wapi, dada?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba uzi ule ndio uliokuwa umeishikilia roho ya baba yake. Akamwita nesi, kisha akasimama mlango wa mbele na uzi mpya na bakuli la wali, akawa anamwita mzee arudi, macho barabarani.

Mimi nilijua ameenda nyuma. Nilijua! Lakini niliogopa kuonekana kichaa, nikaogopa kupoteza kazi, nikanyamaza. Mzee alikata roho jioni ile, binti akiwa bado anaita.

Wewe unayeogesha wazazi wa watu, usikate kitu kabla hujauliza. Na ukikosea, sema hapohapo, hata wakikucheka. Tangu siku hiyo silali bila taa. Na kila mwaka mpya yule binti hunitumia ujumbe, ananishukuru kwa kumtunza baba yake.